Yeremia 29:11 iko ukutani, lakini moyo umekauka

*"Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nina miaka 41, naishi Mbagala na mke wangu na watoto wawili. Nilikuwa stoo kipa kwenye kiwanda kimoja Barabara ya Nyerere kwa miaka 11, tukapunguzwa. Huu ni mwezi wa nane sina kazi. Mke wangu anauza vitumbua na chai asubuhi, ndiyo inayotulisha. Nimefunga, nimekesha, nimetoa shilingi 150,000 za sadaka ya mbegu baada ya mtumishi mmoja kuniambia ndani ya siku 21 mlango utafunguka. Siku zikapita, akasema kuna kizuizi cha ukoo, nitoe tena. Usharikani kwetu nimeacha kwaya kwa sababu ya michango na maswali ya watu. Kila mtu ananiambia Yeremia 29:11, hata ukutani nimeibandika. Nikiomba sasa ni kama naongea na dari. Kuna asubuhi natamani nisingeamka. Na kuna mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, ambao mke wangu haujui. Je, Mungu bado ana kusudi na mimi, au nimeshapitwa? Nifanye nini tumaini lirudi?"*

Ndugu yangu, nianze na sentensi uliyoipitisha haraka katikati ya mengine: kuna asubuhi unatamani usingeamka. Wengi wetu kanisani tukisikia maneno hayo huanza kukemea roho ya mauti. Mimi nakuuliza waziwazi, nawe ujijibu waziwazi: ni kuchoka tu na kutamani mambo yaishe, au umeshafikiria namna ya kujiua? Kumuuliza mtu hivyo hakumpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo, kunampa nafasi ya kulitoa. Kama ni hilo la pili, hata kama limepita mara moja tu, usingoje kumaliza kusoma. Mwambie mkeo leo, au mtu mwingine unayemwamini, asikuache peke yako, mwende hospitali. Kwa ninyi wa Mbagala iliyo karibu ni ya Rangi Tatu au ile ya rufaa ya mkoa Temeke, na Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili. Dharura hupokelewa usiku na mchana. Sumu ya panya na vidonge vilivyolundikana kabatini vitoke nyumbani.

Kama ni la kwanza, bado nataka umwone daktari. Huzuni ikikaa wiki mbili au zaidi karibu kila siku, usingizi ukikatika saa nane usiku na usirudi, chakula kikikosa ladha, na kile ulichokipenda kikawa hakikuvuti tena, madaktari huita sonona. Ni ugonjwa na una matibabu. Tena una tabia moja inayowaumiza waumini kuliko wengine: hufisha hisia zote, na hisia ya kuwa karibu na Mungu nayo hufa pamoja nazo. Mtu akiwa humo akajipima imani kwa anavyojisikia wakati wa maombi, atajihukumu bure. Dari unayoongea nayo huenda haikutokana na dhambi wala na imani haba.

Eliya aliyeshusha moto Karmeli ndiye huyohuyo, sura moja baadaye, anayeketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amtoe roho (1 Wafalme 19). Angalia alivyohudumiwa. Malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili, akala tena. Mazungumzo kuhusu wito wake yalikuja baadaye, huko Horebu, mwili ukiwa umeshapata usingizi na chakula. Kwa hiyo agizo langu la kwanza litakushangaza: kwa mwezi mmoja acha mikesha na kufunga. Mtu ambaye halali, anayekula mara moja kwa siku kwa kukosa hamu, akiongeza mkesha wa Ijumaa na siku tatu kavu, anauchosha ubongo uleule anaoutaka utulie mbele za Mungu. Hutapungukiwa kitu kiroho kwa kulala saa nne usiku.

Sasa swali lako lenyewe. Umeuliza kama Mungu bado ana kusudi nawe, lakini ndani yake yamo maswali mawili yaliyofungwa kamba moja: nitapata kazi lini, na maisha yangu yana maana gani. Yamefungana kwa sababu kwa miaka 11 kazi ndiyo iliyokuwa inayajibu yote mawili. Kazi ilikuwa inakuamsha saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa inakupa watu wa kutaniana nao kwenye daladala na mama ntilie. Na ilikuwa inakufanya mtu ambaye asipotokea na funguo, gari la mzigo linasubiri getini. Siku ya barua vyote hivyo viliondoka pamoja na mshahara, na wewe ukaukumbuka mshahara peke yake. Kilichofuata kinaeleweka: aibu ikakutoa kwaya, ukiacha kwaya jumuiya nayo ikawa nzito, siku ikakosa umbo, ukaanza kulala mchana na kukesha usiku. Ukipiga magoti katika hali hiyo moyo unakuwa mkavu, nawe unadhani Mungu ndiye aliyetangulia kuondoka. Nakupangia mambo haya kwa mfuatano wake kwa kuwa kurudi nako kuna mfuatano. Wengi hungoja hamu irudi ndipo waanze kutenda. Hamu haitangulii. Ukianza kutenda kidogo kidogo, yenyewe itakufuata nyuma.

Na hili ndilo Yeremia 29 inalolisema, ukiisoma yote. Kwa heshima zote kwa waliokutumia mstari wa 11, wamekupa mstari mmoja wa barua. Barua yenyewe iliandikwa Yerusalemu ikapelekwa Babeli kwa watu waliohamishwa kwa nguvu mwaka 597 kabla ya Kristo, kwa mikono ya wajumbe wawili, Elasa na Gemaria. Hao nao walikuwa na manabii waliowapa tarehe. Sura iliyotangulia, nabii Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba nira ya Babeli imevunjwa, ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Yeremia akajibu, "Amina, Bwana na atende hivyo." Napenda jibu hilo. Alitamani liwe kweli kama kila mtu. Lakini halikuwa neno la Mungu, na Hanania alikufa mwaka uleule.

Barua ikaja na hesabu nyingine: miaka 70. Fikiri mtu wa miaka 41 anasomewa hiyo. Maana yake hatarudi, labda wajukuu. Na katika barua hiyohiyo, kabla ya mstari unaoupenda, wanaambiwa: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Oeni, ozeni, zaeni. Uombeeni amani mji huo mliopelekwa, kwa maana katika amani yake ninyi mtapata amani. Kisha, msiwasikilize manabii wanaowadanganya. Ndipo linakuja lile: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho."

Kwa hiyo mstari wako ni wa kweli, usiubandue. Ila haukuahidi kwamba hali itageuka kabla ya mwezi fulani. Umewaahidi watu walio katikati ya hali isiyogeuka kwamba Mungu hajawasahau, na kwa sababu hiyo wanaweza kuchimba mashimo ya kupanda miche mahali wasipopataka. Ongeza mistari ya 5 hadi 7 kwenye hiyo karatasi ya ukutani.

Tarehe za kinabii zina madhara ambayo hatuyasemi vya kutosha. Mithali 13:12 inasema kilichotarajiwa kikikawia kuja, moyo huugua. Mtu akiambiwa siku 21, mwili na akili yake vinajipanga kwa siku 21: anakopa akitegemea kulipa, anawaambia watoto wasubiri kidogo, anaacha kutafuta vibarua kwa kuwa kikubwa kinakuja. Siku ya 22 hapotezi tarehe tu. Anapoteza uwezo wa kuamini neno linalofuata. Ukifanya hivyo mara tatu, unapata mtu anayesoma ahadi za Mungu kama anavyosoma tangazo la bahati nasibu. Ukavu unaouona moyoni, sehemu yake imetoka hapo.

Neno lako "nimepitwa" nalo linahitaji kunyooshwa. Linadhani kusudi la Mungu ni kama mwendokasi iliyoondoka kituoni, ukichelewa umebaki. Watu wanapenda Warumi 8:28, kwamba Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema, walioitwa kwa kusudi lake. Mstari wa 29 unataja kusudi lenyewe: wafananishwe na mfano wa Mwana wake. Hilo halihitaji barua ya ajira. Mvumilivu, mkweli, mwenye huruma, anayesamehe: hayo yanatengenezwa ukiwa na mshahara na yanatengenezwa ukiwa huna, na mara nyingine hatua hii ya pili huyatengeneza upesi zaidi, japo sitakudanganya kwamba inapendeza. Na kwa kuwa wewe ni Mlutheri, kumbuka Martin Luther alifundisha kwamba wito si wa mapadri na watawa peke yao. Kuwa baba, mume na jirani ni wito kamili. Umefukuzwa kwenye mmoja wa miito yako. Iliyobaki inakungoja hapohapo Mbagala.

Kuhusu kizuizi cha ukoo nitakuwa mfupi. Ezekieli 18:20 inakataa kwamba mwana atauchukua uovu wa baba yake, na Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa na laana. Yesu alipoulizwa kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu (Luka 13). Viwanda hupunguza watu kwa sababu za viwanda. Wenzako mliopunguzwa pamoja hamtoki ukoo mmoja.

Basi tumaini hujengwaje? Kuna ukurasa mmoja wa Biblia unaolionyesha tumaini likifanya kazi kwa mikono, nao ni Yeremia 32. Mji umezingirwa na jeshi la Babeli. Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanda wa walinzi. Binamu yake Hanameli anakuja akitaka kumuuzia shamba la Anathothi, kijiji cha kwao, wakati nchi yote inaangukia mikononi mwa adui. Biashara mbaya kuliko hiyo sijui kama ipo. Na Mungu anamwambia nunua. Soma anavyonunua: anapima fedha kwenye mizani, shekeli 17, ambazo ni kama gramu 190. Anatia sahihi hati, anaweka muhuri, anaita mashahidi. Kuna hati mbili, moja imefungwa kwa muhuri na moja iko wazi. Anamkabidhi mwandishi wake Baruku zote mbili mbele ya watu na kumwagiza azitie ndani ya chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Yeyote aliyewahi kununua kiwanja Chanika au Kivule, akazunguka na karatasi serikali ya mtaa, anaijua tahadhari hiyo.

Baada ya kukabidhi hati, ndipo Yeremia anaomba, na maombi yake ni ya mtu aliyechanganyikiwa: Ee Bwana, mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo, nawe umeniambia ninunue shamba? Alitii kwanza, akauliza baadaye, na hakuna anayemkemea kwa kuuliza. Hapo ndipo nakutaka usimame. Tumaini la Kikristo halikudai ujisikie vizuri. Linakudai uweke sahihi kwenye jambo dogo la leo ambalo lina maana tu ikiwa Mungu ni mwaminifu, halafu ruksa kumlalamikia. Mtume Petro anaeleza linakotoka: tumezaliwa mara ya pili tupate tumaini lenye uzima kwa kufufuka kwake Yesu Kristo katika wafu (1 Petro 1:3). Yaani limetegemea jambo lililokwisha kutokea, si kitakachotokea mwezi ujao.

Sasa vitendo. Nakupa wiki sita, na nakuomba usiongeze kitu juu ya haya, kwa sababu kosa la kawaida ni kuanza na ratiba ya mtawa kisha kuanguka siku ya nne na kujiona umemwangusha Mungu.

Asubuhi amka na mkeo. Kama yeye anaamka saa kumi kuandaa vitumbua, wewe amka saa kumi. Kuna wanaume wanaona aibu kuonekana wakikuna nazi au kupepea jiko la mkaa. Jioni loweka mchele, alfajiri washa moto, beba meza hadi anapouzia. Utakuwa umeamka kwa wakati, umehitajika na mtu, na mikono imefanya kitu kinacholeta chakula, yote kabla jua halijatoka. Usichukulie kwamba unamsaidia mkeo wakati ukingoja kusudi lako. Hiyo ni nyumba mnajenga Babeli.

Ukirudi, keti dakika 15 na Zaburi ya 13. Ni aya sita tu. Iandike kwenye daftari kwa mkono wako, siku ya kwanza yote. Aya ya 1 na 2 ni malalamiko: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Aya ya 3 na 4 ni ombi: uangalie, uniitikie. Aya ya 5 na 6 zinaegemea fadhili za Mungu. Kila siku andika sentensi zako mwenyewe kwa mpangilio huo, mbili za kulalamika, moja ya kuomba kitu mahususi, moja ya kuegemea. Mahususi maana yake "naomba leo nipate kibarua cha kupakua mzigo", si "nifungulie milango". Ikitokea siku sentensi ya mwisho haiji, usiilazimishe. Zaburi ya 88 inaisha gizani kabisa na bado imo katika Biblia. Watu wanakosea hapa kwa kuruka malalamiko kwa kudhani ni dhambi, wakaanza moja kwa moja na sifa ambazo moyo haupo. Matokeo yake ndiyo hiyo dari. Usiweke maneno ya mdomoni mbele ya Mungu huku ya moyoni umeyaficha, yeye anayasikia yote.

Mara moja kwa wiki fanya kazi ya mikono kwa ajili ya mtu asiyekulipa, na ifanane na ulichokijua miaka 11. Sharika nyingi za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) zina diakonia, wanaokusanya unga, mchele, sabuni na nguo kwa wagonjwa na wajane. Waulize nani anatunza vitu hivyo. Mara nyingi jibu ni kwamba vimerundikwa chini ya ngazi na hakuna anayejua kilichoingia wala kilichotoka. Wewe unajua. Chukua daftari, piga mistari: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, sahihi. Saa tatu za Jumamosi zinatosha. Waefeso 2:10 inasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema ambayo Mungu aliyatengeneza tangu awali ili tuenende nayo. Sioni kwa nini kuhesabu kilo za unga wa wajane kusiwe mojawapo. Angalizo moja: ikigeuka kuwa siku nne kwa wiki bila nauli, umeshatumika vibaya. Sema hapana, siku zilizobaki ni za kutafuta riziki.

Na mtu mmoja. Si jumuiya nzima kwa sasa. Chagua mwanaume mmoja aliyekuzidi umri, asiyesambaza maneno, ambaye ukimwambia jambo hakimbilii kukuletea mstari. Mwombe mkutane mara moja kwa wiki, mtembee hata nusu saa. Ukikosa mtu wa namna hiyo usharikani, mwulize mchungaji wako akutajie mmoja. Yeye anawajua wanaonyamaza.

Baada ya wiki sita usitegemee furaha kubwa. Tegemea usingizi uliotulia kidogo, siku yenye umbo, na maombi ambayo angalau ni ya kweli. Warumi 5 inapanga ngazi hivi: dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti wa moyo huleta tumaini. Tumaini liko mwisho wa mstari, halikuwekwa mwanzo. Lakini kama wiki ya tatu imefika na asubuhi zile mbaya zinaongezeka, usimalize zilizobaki. Rudi hospitali.

Yule mtumishi je? Kumbukumbu la Torati 18:22 inatoa kipimo: nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitimie, Bwana hakulinena, na inaongeza, usimwogope. Neno hilo la mwisho nakupa wewe, kwa kuwa naona kinachokurudisha kwake sasa ni hofu ya kizuizi kuliko tumaini. Sadaka ni jambo jema, lakini 2 Wakorintho 9:7 inasema itolewe si kwa huzuni wala si kwa lazima. Petro alimwambia Simoni wa Samaria maneno makali kwa kudhani karama ya Mungu hupatikana kwa mali (Matendo 8). Usitoe ya pili. Ile 150,000 sikushauri uende kuidai kwa ugomvi, utapoteza nguvu ambazo huna. Ukisikia popote unaambiwa utoe ili ufunguliwe, umfiche mkeo, au uache dawa ulizopewa hospitali, ondoka siku hiyohiyo. Siyasemi haya ili uyadharau makanisa yote ya maombi ya jijini, yapo yanayowaombea watu bila kuwauliza wana shilingi ngapi. Ila kwa sasa kuhama kanisa sikuoni kama dawa. Ukihama ukiwa na aibu, unaibeba, na unawaacha nyuma watu wachache wanaokujua jina.

Mkopo umwambie mkeo wiki hii. Usimwambie saa ya vitumbua wala mbele ya watoto. Andika kwenye karatasi moja: ulikopa kiasi gani, lini, kwa nani, marejesho ni kiasi gani na kila lini, umelipa ngapi, zimebaki ngapi, na dhamana uliyoweka ni ipi. Taja yote kwa mara moja. Wanaume wengi hutaja nusu ili kupima hali ya hewa, na nusu ya pili ikigundulika inavunja kuliko deni lenyewe. Atakasirika, na ana haki. Usimjibu kwa maandiko. Kisha mwende wote kwa mkopeshaji kuomba marejesho yapunguzwe na muda urefushwe, mkiwa na shahidi, na makubaliano yaandikwe. Ulizeni leseni yake: kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 wakopeshaji wa aina hiyo wanasimamiwa na Benki Kuu. Usikope kwingine kulipia huyo.

Upande wa kazi yenyewe: kama ulikuwa unachangia NSSF, nenda na barua ya kupunguzwa na kitambulisho ukaulize fao la kukosa ajira. Pitia hesabu ya kiinua mgongo pia. Sheria ya kazi inatambua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Muda wa kupeleka malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni siku 30, umeshapita, kwa hiyo kama unaona ulionewa utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu. Kurudi kijijini ni chaguo halali na si kushindwa, ila usilifanye ukiwa bado na sonona isiyotibiwa na deni lililofichwa, vyote vitapanda basi pamoja nawe.

Kwaya usirudi kimyakimya. Mwone mwalimu wa kwaya kabla, nje ya mazoezi, umwambie: nataka kuimba, sina kazi, naomba michango na sare nisidaiwe mpaka nitakapopata. Akikubali, rudi. Akisita, kaa viti vya waumini ibada ya kwanza, uimbe hapohapo, na suala hilo ulipeleke kwa mzee wa kanisa wa mtaa wenu.

Mchungaji wako naye mwone ana kwa ana, maana mimi nimesoma aya moja ya maisha yako na yeye anaweza kukuona usoni. Usimwendee Jumapili mlangoni akiwa anapeana mikono na watu. Piga ofisi ya usharika, uombe saa nzima katikati ya wiki. Nenda na daftari la Zaburi na karatasi ya deni. Mwambie mambo matatu kwa maneno mafupi: ile asubuhi ya kutotaka kuamka, yule mtumishi na pesa, na mkopo. Mwombe akupe siku ya kuonana tena kabla hujatoka ofisini. Mkeo akikubali, mwende wote wawili.